Jamvi la inchi 3, 4, 5 au 6: ipi kwa kazi ipi, kwa anayejenga Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa tisa mwaka jana nilivunja jamvi, yaani tabaka la zege, la getini kwangu, Uyole, Mbeya, ili nipitishe bomba la maji. Zege hilo nililipia inchi 4. Ukingoni, pale mbao ya fomu iliposimama, tepu ilisoma sentimita 10 kamili. Hatua moja kuelekea katikati ikasoma 8. Katikati kabisa, kwenye njia ya tairi, nikaokota kipande cha sentimita 6 na nusu, na chini yake kifusi kimetuna kama mgongo wa kobe. Hakuna aliyeiba simenti. Fundi alifunga mbao za inchi 4 pembeni, kifusi kikamwagwa kwa toroli na kushindiliwa harakaharaka, na hakuna aliyevuta uzi kutoka mbao hadi mbao kupima kina. Ukilitazama kwa pembeni, jamvi langu lilikuwa la inchi 4. Gari halipiti pembeni.

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo swali la unene nalisikia karibu kila siku. "Mama, jamvi la baraza niweke inchi ngapi?" Kabla sijafungua mdomo, mteja mwingine aliyefuata misumari ameshajibu: "Weka sita bwana, ulale usingizi." Mimi ndiye ninayeuza simenti, ningekuwa na tamaa ningeitikia hapohapo. Ila kwa kazi nyingi za nyumbani inchi ya tano na ya sita ni hela inayozikwa, na zipo kazi chache ambazo ukiibania inchi hiyohiyo unarudi dukani baada ya masika mbili.

Hapa mwanzo naongelea jamvi lililolala juu ya ardhi: sakafu, baraza, uwanja, njia ya gari. Zege linaloning'inia, kama mfuniko wa shimo au sakafu ya ghorofa, lina sheria zake na nitalifikia.

Hesabu kwanza

Chukua eneo la mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, kwa zege la moja-mbili-nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mifuko nimeihesabu kwa 6 na nusu kila mita ya ujazo.

| Unene | Zege | Mifuko ya kilo 50 | Uzito kwa kila mita ya mraba | Nguvu ya kuhimili kupinda, inchi 4 ikiwa 100 |
|---|---|---|---|---|
| Inchi 3 (mm 75) | mita za ujazo 1.5 | 10 | kilo 180 | 56 |
| Inchi 4 (mm 100) | mita za ujazo 2.0 | 13 | kilo 240 | 100 |
| Inchi 5 (mm 125) | mita za ujazo 2.5 | 17 | kilo 300 | 156 |
| Inchi 6 (mm 150) | mita za ujazo 3.0 | 20 | kilo 360 | 225 |

Safu ya mwisho ndiyo watu wengi hawaijui. Nguvu ya jamvi haipandi sawasawa na unene, inapanda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe. Ukitoka inchi 4 kwenda 5 unaongeza robo tu ya zege, lakini uwezo wa kuhimili kupinda chini ya tairi unapanda kwa zaidi ya nusu. Kinyume chake kinauma zaidi: ukibana inchi moja kutoka 4, unaokoa mifuko mitatu na kupoteza asilimia 44 ya nguvu. Zege langu la sentimita 6 na nusu lilikuwa na asilimia 42 hivi ya nguvu niliyodhani ninayo. Sikushangaa tena kwa nini lilikuwa na ufa wa kupita katikati, ule niliokuwa nikiusingizia jua.

Inchi 3 dhidi ya inchi 4

Inchi 3 inatosha njia ya miguu: kutoka mlangoni hadi jiko la nje, chooni, bombani. Hapo anayepita ni mtu, mbuzi na mara mojamoja toroli. Ukiikata kwa maungio (mikato ya kuuongoza ufa) kila mita mbili hivi haitakusumbua.

Tatizo la inchi 3 ni kwamba haina akiba. Kifusi kikituna inchi moja, theluthi ya jamvi imeondoka. Kwenye inchi 4 umepoteza robo. Halafu kuna kokoto. Kanuni ni kwamba kokoto kubwa kuliko zote isizidi theluthi ya unene wa jamvi. Kwa inchi 3 hiyo ni milimita 25. Sasa nenda kwenye marundo ya kokoto za kuponda kwa mkono, kama zile za mawe magumu ya Iringa zinazouzwa kando ya barabara, uone ukubwa wake. Mawe yenyewe ni mazuri sana, lakini katikati ya rundo utakuta vipande vya ukubwa wa yai la kuku. Jiwe kama hilo ndani ya inchi 3 limeshika nusu ya kina, na zege halijai vizuri chini yake. Kama kokoto zako ndizo hizo, ama uzichekeche, ama nenda inchi 4 na bado uyatupe yale mayai.

Ndani ya nyumba, inchi 4 inamaliza mjadala. Vyumbani hakuna matairi. Friji, kabati, hata mashine ya kushonea ya chuma cha zamani, vyote kwa jamvi hilo ni wageni wepesi. Nimeona watu wanaweka inchi 6 sebuleni "kwa sababu nyumba ni ya kudumu", kisha wanaruka nailoni nzito ya kuzuia unyevu kwa sababu hela imeisha. Kwa mvua za huku kwetu (Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka) ningekata inchi mbili za zege bila kufikiri na kuitandika hiyo nailoni.

Banda la ng'ombe wa maziwa nalo ni inchi 4. Wafugaji wa Rungwe wakija dukani nawaambia wasihangaike na unene, wahangaike na mambo mawili mengine. La kwanza ni mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita ili mkojo ukimbie. La pili ni uso wa sakafu. Usipige nili humo, ile simenti inayolainishwa hadi kung'aa. Ng'ombe akiteleza akavunjika nyonga, hutakumbuka jamvi lilikuwa la inchi ngapi. Piga ufagio zege likiwa bado bichi, uache mistari. Mkojo na samadi pia vinalila zege dhaifu polepole, kwa hiyo ukiwa na hela ya ziada, mfuko wa tatu pale ulipozoea kuweka miwili una faida kuliko inchi ya tano.

Uwanja wa kuanikia mahindi na maharage unaweza kuwa inchi 3 kwa nadharia. Mimi nashauri 4. Uwanja wa kijijini haubaki uwanja wa mahindi tu. Mwaka wa pili shemeji atakuja na Kirikuu kubebea magunia, atalirudisha nyuma hadi juu ya zege, na hutamkatalia.

Pale tairi linapopita

Inchi 4 na inchi 5 zinapogombana, mwamuzi ni tairi. Noah yenye watu ina uzito wa tani 2 hivi. Kila tairi linabeba karibu kilo 500 na linagusa zege kwa eneo dogo kama kiganja cha mkono pamoja na vidole. Uzito wote huo umesimama kwenye kiganja, tena unatembea, na mara unasimama ukingoni kabisa pa jamvi, mahali dhaifu kuliko pote.

Linganisha na tenki la maji. Tenki la plastiki la lita 5,000 likijaa lina tani 5, na watu wanaliogopa kweli. Nimeshauza mifuko kwa mtu aliyemwaga inchi 8 chini ya tenki, huku njia ya gari pembeni yake ikiwa inchi 3. Lakini tani hizo 5 zimekaa kwenye duara la mita za mraba 2 na nusu hivi, yaani tani 2 kwa mita ya mraba, zimetulia, haziendi popote. Jamvi la inchi 4 au 5 lenye BRC, ule wavu wa waya za chuma, likiwa limenyooka kwa pima maji na limezidi kitako cha tenki kwa shubiri moja kila upande, linatosha. Hatari ya tenki ni ardhi kuzama upande mmoja, na hilo haliponywi na unene.

Kwa gari dogo linaloingia jioni na kutoka asubuhi, inchi 4 za kweli juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri zinavumilia. Mimi kwa hela yangu naweka 5. Tofauti ni ndogo na ile nguvu ya asilimia 56 iliyoongezeka inafunika makosa mengi ya mikono yetu. Kama kuna pikapu inayobeba tofali, au Kirikuu ya biashara, usijadiliane, ni 5.

Inchi 6 ni ya Fuso. Ukiwa Njombe au Makambako na una ghala la viazi au mahindi uani, siku moja Fuso itaingia kupakia lumbesa, na ekseli ya nyuma ikijaa si jambo la kubahatisha: mizani ya barabarani, ile ya Makambako mathalani, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ni mara kumi ya ekseli ya Noah. Inchi 6 hapo ndiyo mwanzo, na kwa gari linaloingia kila wiki watu wanakwenda hadi inchi 8, kingo zikiwa nene zaidi ya katikati. Kabla hujafika huko, jiulize kama Fuso lazima iingie. Wengi wangeweza kuiacha barabarani na kubeba magunia hatua ishirini kwa vibarua wawili, kwa miaka mingi, bila kumaliza gharama ya zege hilo. Na uwanja wa kifusi kilichoshindiliwa vizuri, wenye mifereji, unabeba Fuso bila kupasuka, kwa kuwa kifusi hakina cha kupasuka, kikibonyea unajaza.

Zipo pia tofali za pevingi. Za milimita 60 zinafaa watu na magari madogo, za 80 kwa magari mazito. Uzuri wake niliuelewa siku ile ya bomba: pevingi ungezing'oa, ukapitisha bomba, ukazirudisha. Lakini zinahitaji ukingo imara pembeni, la sivyo zinatembea.

Inchi ya ziada au BRC?

Swali hili linakuja pale bajeti inapobana, na hapa natofautiana na mafundi wengi. Wavu wa kawaida tunaouza, A142, ni waya za milimita 6 zilizopishana kila milimita 200. Kwenye jamvi la ardhini kazi yake kubwa ni kushika ufa usifunguke, upande mmoja usipande na mwingine kushuka. Hauzuii ufa kutokea, na hauligeuzi jamvi la inchi 3 kuwa la inchi 5.

Na kazi hiyo inafanyika tu kama wavu uko mahali pake, theluthi ya juu ya jamvi. Ninachokiona kwenye saiti ni wavu kutandikwa chini juu ya kifusi, na fundi kuahidi: "Tutauinua kwa ndoano tukimwaga, mama." Wanauinua, kisha saidia fundi na toroli lake wanaukanyaga tena. Nilipovunja zege langu, BRC ilikuwa imekaa chini kabisa, nusu yake imezama kwenye udongo, na waya zimeanza kutafunwa na kutu. Nililipia wavu ambao haukufanya kazi hata siku moja. Biskuti, vile vitofali vidogo vya zege vya kuuinulia wavu, unaweza kuzimwaga mwenyewe nyumbani jioni moja kwa mabaki ya simenti.

Kwa hiyo kwa njia ya gari, ukiwa na hela ya kimoja tu, chukua inchi ya ziada na ukate maungio. Umbali wa maungio usizidi mara 24 hadi 30 ya unene: inchi 4 ni kila mita 2 na nusu hadi 3, na kina cha mkato kiwe robo ya jamvi. Zege lazima lisinyae, ufa lazima utafute pa kupita. Unachofanya ni kuuchorea njia. Ukiwa na hela ya vyote viwili, weka vyote. Kwa inchi 3 BRC ni kuhangaika bure, hakuna nafasi ya kuifunika vizuri juu na chini.

Chini ya jamvi

Ardhi ya ukanda wetu huu inaweza kukupa majibu matatu tofauti kwa jamvi lilelile. Iringa mjini, ambako mwamba uko karibu, udongo mwekundu mgumu juu yake ukiondoa tabaka la juu lenye mizizi unakupa kitanda kizuri; inchi 4 hapo ni inchi 4 na nusu, nikitania kidogo. Uyole kuelekea Rungwe tuna udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, unaochimbika kwa raha na kubonyea kwa raha hiyohiyo. Huu unadai kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji, na juu yake moramu (udongo wa changarawe) au mawe yaliyopangwa na kuzibwa mianya. Kumwaga kifusi cha nusu mita kwa mpigo na kukanyaga juu kwa miguu hakuitwi kushindilia.

Kisha kuna udongo mweusi wa mbuga, kule Usangu, Chimala hadi Rujewa. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Juu ya udongo huo inchi 6 itanyanyuliwa na kuvunjwa kama inchi 4, imechelewa tu kidogo. Dawa yake ni kuuchimba na kuutoa, kuleta moramu, na kuyazuia maji yasifike chini ya jamvi. Mteja wa kule akiniuliza unene namuuliza kwanza ametoa udongo kina gani.

Kwetu Mbeya lipo pia suala la mchanga na kokoto nyepesi. Milima yetu ilitema pamisi, yale mawe yenye vitundu yanayoelea, na vipande vyake vinajichanganya kwenye mchanga. Chota kiganja, tia kwenye ndoo ya maji, koroga. Vikielea vichache si neno. Ukiona uso wa maji umefunikwa, mchanga huo ni wa kazi nyingine. Zege lake litakuwa jepesi na laini, na mahesabu ya jedwali langu hayatakuhusu.

Maji ya kuchanganyia nayo yanashinda unene. Kwa mfuko mmoja, moja-mbili-nne ni ndoo tatu na nusu za mchanga, saba za kokoto, za lita 20, na maji yasizidi lita 25 hivi, pungufu ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Saidia fundi anapenda zege linalotiririka kwa sababu halimchoshi koleo. Ukiona linatembea lenyewe kama uji, umeshapoteza inchi yako moja bila kubana mfuko hata mmoja.

Zege linaloning'inia ni hadithi nyingine

Hapa ndipo ushauri wa "ongeza unene ulale usingizi" unapogeuka hatari. Jamvi la ardhini likipasuka, unakwazika tu. Likipasuka la juu, linaua.

Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,500 hivi kwa mita ya ujazo. Sakafu ya ghorofa ya inchi 6 ina kilo 375 kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka kitanda. Watu na samani za nyumba ya kawaida wahandisi huwahesabia kilo 150 hivi kwa mita hiyohiyo. Maana yake sakafu inajibeba yenyewe zaidi ya mara mbili ya inavyowabeba ninyi. Ukiongeza inchi mbili "za usalama" umeongeza kilo 125, karibu uzito wote uliotengewa watu, na nondo, boriti, nguzo na msingi vimebaki vilevile. Juu unene na nondo vinakwenda pamoja, na anayevioanisha ni mhandisi aliyesajiliwa, siyo mimi na siyo mteja wa misumari.

Ili tu ujue kama unachoambiwa kina mantiki: kwa zege lililoegemea kuta mbili, unene hauwi chini ya urefu wa nafasi gawanya kwa 20. Nafasi ya mita 3 ni milimita 150. Mfuniko wa shimo la choo wenye nafasi ya mita 2 ni milimita 100. Fundi akikuambia mita 4 kwa inchi 4, funga daftari.

Mahali pa nondo pia panageuka. Ardhini wavu unakaa juu. Kwenye zege linaloning'inia kati ya kuta mbili, nondo kuu zinakaa chini, zikifunikwa na zege la milimita 25 hivi. Kwenye kibaraza kinachochomoza nje bila nguzo, zinarudi juu. Hicho kibaraza ndicho kinachonitia hofu kuliko kazi zote za nyumbani. Siku ya kumwaga, watu sita wanapita na ndoo, nondo za juu zinakanyagwa hadi katikati, na jioni kila kitu kimelainishwa, kinapendeza. Kwa macho hutajua. Simama hapo mwenyewe, au mlipe mtu asimame, na kazi yake iwe hiyo moja: nondo zisishuke.

Na mirunda isitolewe mapema. Watu wanaihitaji kwa kazi inayofuata, au ni ya kukodi, siku ya kumi inaanza kutoka. Wiki tatu hadi nne, na huku kwetu sehemu za baridi nenda kwenye nne.

Baridi na upepo wa kiangazi

Msimu wetu wa ujenzi ni kiangazi, Mei hadi Oktoba, na ndani yake kuna Juni na Julai. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, na zaidi kule Makete, si mahali pa zege changa. Likiwa kwenye nyuzi 10 linakomaa karibu kwa nusu ya kasi ya nyuzi 20. Maji yakiganda ndani yake usiku wa kwanza, limeharibika. Mwaga asubuhi ili lishike kabla ya jua kuzama, kisha lifunike kwa nailoni, na juu yake majani makavu au magunia. Gari ambalo ungeliruhusu siku ya kumi, lisubirishe wiki mbili au zaidi.

Mbeya adui ni upepo wa Agosti. Jua si kali, ngozi haikuungui, unadhani zege liko salama. Kumbe upepo mkavu unakausha uso kabla chini hakujashika, na saa tatu baadaye uso una vinyufa kama ramani. Funika mapema, mwagilia siku 7 bila kuruka. Inchi 4 iliyomwagiliwa wiki nzima naiamini kuliko inchi 5 iliyoachwa ikauke yenyewe.

Getini kwangu

Nilirudishia njia yote badala ya kuziba mtaro tu. Mita 3 kwa 6, na safari hii inchi 5. Hesabu ya inchi 4 ilikuwa mifuko 12, ya inchi 5 mifuko 15. Nilipima mbao za fomu kwanza, kwa sababu mbao ya Mafinga iliyonunuliwa mbichi ikikauka haitimizi kipimo chake, na mbili kati ya nne hazikutimia. Tukavuta uzi kutoka mbao hadi mbao kila mita moja, tukashusha tepu kwenye kifusi. Mgongo wa kobe ulikuwepo tena, sentimita 3 hivi. Fundi, kijana wa Kihehe mwenye maneno matamu, akanitazama. "Kamwene, mama. Leo unatupima kama unashona nguo."

"Pole, kaka. Nguo yenyewe imenichanika mara moja."

Akacheka, akachukua sururu, wakakichonga kifusi, wakashindilia upya.

Wakati wa kumwaga nilitoka dukani na misumari ya inchi 5. Ni kipimo cha bure: unauchomeka wima kwenye zege bichi, kichwa kikizama hadi usawa wa uso bila kugonga, unene upo, ukigota mapema, haupo. Ndani ya nyumba sifanyi hivyo, unatoboa nailoni, huko natumia uzi peke yake. Nje nilichomeka mahali kumi na mbili, nikifuata njia za matairi. Kumi na moja ilizama. Mmoja, karibu na nguzo ya kushoto, uligota kichwa kikiwa bado juu kwa upana wa kidole. Tukalitoa zege la hapo kwa koleo, tukakuta jiwe la mtaro wa zamani ambalo hakuna aliyeliona. Wakaling'oa, wakajaza moramu na kushindilia, wakalirudisha zege kabla halijaanza kushika.